Karatasi 29 za Kihispania: nunua H, LL, E na A, C na P zikatie mkasi

Kwenye vibanda vya fotokopi vya Lubumbashi linapita fungu la karatasi za msamiati wa Kihispania, lisilo na jina la mtungaji wala mwaka. Kila karatasi ni ya herufi moja, na kila neno lililomo linaanza na herufi hiyo. Safu ya kwanza ni Kihispania, ya pili Kifaransa, ya tatu Kiswahili. Herufi zenye utajiri zina maneno 24. Ñ, K, W na X zina machache, kwa kuwa lugha yenyewe haina mengi ya kuanza hivyo. Unalipa fotokopi, karatasi kwa karatasi, kwa hiyo huna sababu ya kuchukua fungu zima. Na usilichukue lote. Karatasi nne zina thamani kubwa, mbili zinaharibu kazi zikitumiwa zilivyo, na zilizobaki ni za kawaida.

Tofauti iko hapa. Kuna herufi ambayo ina sababu ya kukaa mwanzo wa neno, na kuna herufi ambayo ni gunia tu. Yenye sababu inakufungulia maneno kumi kwa mpigo mmoja. Gunia linakuchanganyia maneno ambayo peke yake yangekaa vizuri.

Anza na H. Kwa mtu aliyesoma shule kwa Kifaransa, hii ndiyo karatasi bora kupita zote. Maneno mengi ya Kilatini yaliyoanza na F yalipita katika Kifaransa na F yake, lakini katika Kihispania sauti hiyo ililegea ikawa pumzi, kisha ikanyamaza kabisa. Imebaki H inayoandikwa tu, haitamkwi. Ndiyo maana fer ni hierro, farine ni harina, faim ni hambre, fil ni hilo, fils ni hijo, four ni horno, fumée ni humo, feuille ni hoja, fourmi ni hormiga, foie ni hígado, fuir ni huir, na faire ni hacer. Hayo ni maneno 12, na kila moja Kifaransa chake unakijua tayari. Unga wa bukari (ugali) ni harina, jani la matembele ni hoja. (Hoja hii husomwa «oha», ile yetu ya mjadala haina undugu nayo.)

Kosa wanalolifanya wengi ni kuigeuza kanuni. Inakwenda upande mmoja: ukiona H ya Kihispania, jaribu F ya Kifaransa. Usichukue F ya Kifaransa ukaifanya H, maana utaunda maneno ambayo hayapo. F ilibaki mbele ya ue: fuego, fuerte, fuente. Ilibaki mbele ya r: frío, fruta, freno. Ilibaki pia katika maneno mengi yaliyorudishwa na wasomi kutoka Kilatini: familia, fácil, forma. Halafu si kila H ilikuwa F. Hora, hombre na hierba zina H ya Kilatini chenyewe. Huevo, hueso na huérfano (œuf, os, orphelin) zilipewa H kwa sababu ya maandishi: zamani u na v ziliandikwa kwa alama moja, na H ikamwonyesha msomaji kwamba kinachofuata ni irabu. Karatasi haitenganishi makundi haya matatu, na huo ni upungufu wake mkubwa. Chukua kalamu, weka F pembeni ya kundi la kwanza, L pembeni ya la pili, na duara pembeni ya la tatu. Ni kazi ya dakika kumi, na baada yake karatasi inakuwa kitu kingine.

LL inaonyesha umri wa fungu. Karatasi 29 maana yake mtungaji alihesabu CH na LL kuwa herufi kamili. Tangu 1994 kamusi za Kihispania hupanga CH ndani ya C na LL ndani ya L, na kitabu cha tahajia cha akademia ya lugha hiyo (Real Academia Española) cha mwaka 2010 kinahesabu herufi 27. Kwa hiyo ukitafuta lluvia katika kamusi ya leo, pitia L mpaka baada ya li- na kabla ya lo-. Hata hivyo nashauri karatasi hii ya zamani inunuliwe, maana LL nayo ina sababu. Ni mahali ambapo pl, cl na fl za Kilatini zilikutana: pluie ni lluvia, plein ni lleno, pleurer ni llorar, plaie ni llaga, clé ni llave, flamme ni llama. Hapa pia usiigeuze kanuni, kwani plato, claro na flor zimebaki kama zilivyo. Sehemu kubwa ya wasemaji hutamka LL karibu na y yetu ya «yai». Mtu wa Buenos Aires au Montevideo atakwambia karibu na «sh».

Karatasi ya E inafanya kazi kwa wepisi. Kilatini cha mwisho kilianza kuweka irabu mbele ya s inayofuatwa na konsonanti. Kihispania kikaitunza es-, Kifaransa kikaiacha s na kubaki na é. École ni escuela, étoile ni estrella, écrire ni escribir, éponge ni esponja, épine ni espina, état ni estado, étable ni establo. Anayefanya kazi ya madini atapenda étain, ambayo ni estaño, yaani bati. Lakini élève ni alumno, kwa hiyo é peke yake haitoshi. Tafuta é inayofuatwa na konsonanti inayoweza kutanguliwa na s, na bado uhakikishe, maana été ni verano.

Kwa A, msaada unatoka katika Kiswahili, na inasikitisha kwamba mtungaji hakuliona hilo. Kihispania kilichukua maneno mengi ya Kiarabu pamoja na al- yake ya mbele. Kiswahili kilichukua yaleyale bila al-. Ondoa mwanzo na neno letu linatokea: azúcar ni sukari, aceituna ni zaituni, azafrán ni zafarani, alcanfor ni kafuri, almizcle ni miski. Alcalde ni mkuu wa mji, lakini asili yake ni kadhi. Aduana, yaani forodha, kama ile ya Kasumbalesa kwenye mpaka wa Kongo na Zambia ambapo malori hupanga foleni, asili yake ni diwani. Nje ya A kuna hasta, yaani «mpaka», iliyotoka hatta ya Kiarabu, ambayo kwetu ni hata. Safu ya Kiswahili ya karatasi imeandika «meya» na «doane» basi. Si makosa, ila ukiongeza neno la asili kwa mkono unapata kamba ya kulishikilia neno jipya.

A na H zina jambo jingine ambalo fungu limeliacha kabisa: hakuna safu ya el na la, vijineno vinavyotangulia nomino, el kwa za kiume na la kwa za kike. Nomino ya kike inayoanza na a au ha yenye mkazo huchukua el katika umoja. Husemwa el agua, el águila, el hambre, el hacha, na bado ni za kike: las aguas, mucha hambre. Mwanafunzi asiyejua hili huandika mucho hambre miaka yote. Mkazo ukiwa mbele zaidi, la inarudi: la harina, la arena. Pia «na», yaani y, inageuka e mbele ya sauti i: padre e hijo. Lakini cobre y hierro haibadiliki, kwa kuwa hie- haisikiki kama i kamili. «Au», yaani o, inageuka u mbele ya o: siete u ocho.

Sasa C na P. Hapa ndipo fedha inapopotea. Karatasi ya C imeweka pamoja caballo (farasi), cabello (nywele) na cebolla (kitunguu). Cansado (aliyechoka) na casado (aliyeoa). Calor (joto) na color (rangi). Cuchara (kijiko) na cuchillo (kisu). P ina pero (lakini), perro (mbwa) na pelo (nywele). Peso, piso na paso. Pescado (samaki wa kula) na pecado (dhambi). Anayetamka l na r bila kuzitenga ana taabu mara mbili kwenye pero na pelo. Mwanaisimu Batia Laufer ameandika mengi kuhusu maneno ya namna hii, yanayofanana umbo, na jinsi yanavyomponza mwanafunzi. Ukiyajifunza siku moja, kichwa kinahifadhi ufanano na kupoteza tofauti. Unakumbuka kwamba kuna neno la «ca-ba», hujui ni farasi au nywele.

Dawa ni mkasi. Kata karatasi ya C vipande 24. Katika kila jozi inayofanana, chukua neno moja, lingine lifunge kwenye bahasha kwa wiki nzima. Yaliyobaki yapange kwa mahali, ukichanganya na herufi nyingine: cuchara ikae na olla, plato, harina, aceite na sal, kwa sababu yote yanahusu meko moja. Cuchillo itoke kwenye bahasha siku cuchara inapojibu bila kufikiriwa.

Hata karatasi nzuri ina mtego wake wakati wa kujipima. Ukifunika safu ya Kihispania na kusoma «chuma», tayari unajua jibu linaanza na H, kwa kuwa uko kwenye karatasi ya H. Umepewa nusu ya jibu. Kwenye mazungumzo hakuna atakayekupa herufi hiyo. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili fanya karatasi kwa mpangilio wake, maneno 12 kwa siku, ukisoma kwa sauti. Kuanzia siku ya tatu changanya na maneno ya herufi nyingine mbili, uulize kutoka Kiswahili kwenda Kihispania. Rudia siku ya saba, kisha baada ya wiki mbili. Mwenye simu ya Android ayaingize kwenye AnkiDroid, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila intaneti, na achague kadi mpya zije bila mpangilio. Akiziacha zifuate orodha, mtego ni uleule.

Vitenzi havitii herufi. Karatasi ya O ina oler, kunusa, lakini «nanusa» ni huelo, na limehamia H. Karatasi ya I ina ir, kwenda, lakini «nakwenda» ni voy na «nilikwenda» ni fui. Kila kitenzi kiandikie umbo la «mimi» pembeni, la sivyo utakijua na usikitambue mtu akikisema.

Safu ya Kifaransa ina makosa mawili ya kusahihisha kabla ya kuanza. Imeandika entender = entendre; sahihi ni comprendre, kuelewa, na kusikia ni oír. Imeandika largo = large; sahihi ni long, na upana ni ancho. Kwa shaka yoyote nyingine, kamusi ya Real Academia Española ni bure kwenye dle.rae.es na ina njia ya kutafuta maneno kwa jinsi yanavyoanza. Andika herufi tatu kuliko moja, uone kundi dogo. Maelezo yake ni ya Kihispania kitupu, hivyo anayeanza ataitumia kuhakikisha tahajia na jinsia tu.

Kisha kuna fotokopi yenyewe. Nakala ya nakala hupoteza wimbi la ñ, na wimbi hilo si pambo. Año ni mwaka, ano ni tundu la haja kubwa. Uña ni kucha, una ni moja. Caña ni muwa, cana ni mvi. Anayesoma karatasi iliyofifia atajitambulisha kwa umri wake na kusema tusi mbele ya watu. Kabla ya kulipa, tazama año kwenye karatasi ya A na estaño kwenye ya E. Kama wimbi halionekani kwenye hayo mawili, mwombe mwenye kibanda atoe nakala kutoka karatasi aliyoitunza, si ile iliyolala juu ya mashine.