TAHADHARI: Yule wa dawa ya kipandauso pale stendi, msimpe hata mia

Yule baba mwenye kipaza sauti pale tunaposhukia, wa "dawa ya kuzuia kipandauso", ni tapeli. Tena tapeli wa hatari.

Hali yangu ya kipandauso mnaijua, sirudii. Siku hiyo nilisimama chini ya mwavuli wake kukwepa jua tu, nimeshika jicho. Akaniangalia: "Dada, huo ni upande mmoja, na kabla haujaanza unaona vimulimuli." Mtu akikutajia ugonjwa wako hivyo, na hospitali ulikaa foleni asubuhi nzima ukaambulia panadol, utamkatalia? Koti jeupe, cheti kimepigwa laminesheni, nembo ya taifa juu. Eti ndani kuna mwarobaini, tangawizi na butterbur, mmea wa dawa, ya Ujerumani. Akanikorogea kijiko palepale, unga wa kahawia, mchungu, unanata ulimini. Chupa 45,000, "kwako wewe dada 40,000". Nalipa kwa simu, jina linatokea la mwanamke. Anasema ni mke wake.

Na ilifanya kazi! Hapo ndipo panaponiuma. Nikamsifia mtaa mzima, Mama Zai naye akanunua. Baadaye uso ukavimba kama andazi, tumbo linawaka moto, nikiruka kijiko kichwa kinarudi kwa kishindo.

Shemeji wa duka la dawa akamwaga unga kwenye sahani nyeupe, akaupekua kwa ncha ya kisu. Kikatoka kipande cha kidonge cha waridi, mstari wa katikati unaonekana kabisa. Mshenzi hata kusaga hakusaga vizuri! Shemeji anahisi ni dawa za maumivu na steroidi, zile dawa kali za kushusha uvimbe. Na hiyo butterbur, hata kama ingekuwemo, wataalamu wa neva Marekani waliipendekeza 2012, wakaliondoa pendekezo hilo 2015 kwa hofu kwamba inadhuru ini.

Afungwe. Meza ivunjwe, kipaza sauti kitupwe, na kabla ya yote anyweshwe chupa zake zote mbele yetu.

Dawa isiyo na namba ya usajili msiguse, na cheti ulizeni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ikikutuliza papo hapo, jiulize. Mliokwisha kuitumia muda mrefu, kwa sababu ya hizo steroidi msiache ghafla, nendeni hospitali leo na chupa mkononi. Mama Zai, wewe hasa, pokea simu.

Mwenye picha yake anitumie, kesho asubuhi naenda polisi na shemeji.