Super Soaker za zamani: kabla hujalipa, uliza kama inashika presha

Tangu joto lianze hapa Houston, maswali mengi ninayopata ni ya bunduki za maji. Watu wananitumia picha za Super Soaker za miaka ya 1990 walizoziona eBay au Facebook Marketplace: "Dada, hii ninunue?" Wengine wanaandika wakiwa wameshalipa. Mzigo umefika, baba kajaza maji mbele ya watoto, kapampu, maji yote yakamwagikia miguuni mwake. Akimwandikia muuzaji anajibiwa kwamba tangazo lilisema wazi: haijajaribiwa.

Malalamiko haya yote yana mzizi mmoja, kwa hiyo sitapoteza muda kwenye rangi, stika, wala inarusha maji umbali gani. Hayo muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi nataka tuzungumzie mpira ulio ndani.

Bunduki hizi si zile ndogo za kubonyeza bonyeza. Lonnie Johnson, mhandisi aliyefanya kazi Jeshi la Anga la Marekani na NASA, mwaka 1982 alikuwa bafuni kwake akijaribu pampu ya joto (mashine ya kuhamisha joto) inayotumia maji badala ya Freon, ile kemikali ya kupozea, maji yakachomoka kwa nguvu ambayo hakuitarajia. Kampuni ya Larami ya Philadelphia ikaingiza bunduki yake sokoni 1990 kwa jina la Power Drencher, na 1991 ikaitwa Super Soaker. Ukipampu, hewa inabanwa ndani. Ukivuta triga, hewa hiyo inasukuma maji nje. Sasa hewa haikai mahali penye upenyo, na kinachoziba upenyo ni vipande vya mpira: oringi (pete ya mpira) ya pampu, washa ya kifuniko cha tangi, na viungo vya mipira inayopitisha maji. Baadhi ya zile za mwanzo zina kampira laini kanachobanwa na triga yenyewe. Kampira hako kamekaa kamebanwa miaka thelathini. Mara nyingi kameshikana, au kana ufa pale pale kwenye mkunjo.

Plastiki ya Larami ni nene, itakuzika wewe na mimi. Mpira hauna maisha hayo. Hewa ya kawaida inauchakaza, unakakamaa, halafu siku ukivutwa unapasuka. Na unazeeka hata ukiwa boksini! Hili ndilo watu hawalioni. Tangazo likisema "mpya, haijawahi kufunguliwa", mnunuzi anaongeza dola mia bila kusita, kumbe hakuna aliyewahi kuupa ule mpira maji wala kuunyoosha tangu ulipotoka kiwandani. Kama unainunua iwe pambo la kabatini, sawa. Kama unataka irushe maji, boksi zima halikuhakikishii chochote.

Kwenye Super Soaker za aina ya CPS (Constant Pressure System, yaani mfumo wa presha isiyobadilika) jambo ni zito zaidi. Larami walianza na CPS 2000 mwaka 1996. Humo maji hayasukumwi na hewa. Yanaingizwa kwenye puto nene la mpira, puto linavimba, ukivuta triga linajikamua. Ndiyo maana mkondo wake hauchoki katikati kama ule wa hewa, unakuja na nguvu ile ile karibu hadi mwisho. Lakini puto hilo limefichwa ndani ya gamba, hulioni mpaka ufungue skurubu zote. Na kama mwenyewe wa zamani aliiweka stoo ikiwa imejaa presha, mpira umelegea na haurudi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya mwisho, omba video. Moja, isiyokatwa. Muuzaji ajaze maji kwenye tangi, aikaushe kwa nje, apampu mpaka pampu ianze kugoma, ailaze juu ya karatasi ya jikoni iliyo kavu kwa dakika kumi. Halafu ainue, afyatue. Utazame ile karatasi kwa makini. Tone chini ya pampu ni oringi, na oringi unaweza kuibadilisha mwenyewe. Tone chini ya triga ni kazi kubwa zaidi. Maji yakichuruzika kwenye maungio ya tangi, achana nayo, maana gundi haidumu mahali penye presha. Kwa CPS angalia pia mkono wa pampu: lazima uzidi kuwa mgumu kadiri anavyopampu. Ukiendelea kuwa mlaini vile vile, puto limekwisha.

Sasa nizipange.

Ya kwanza kwangu ni Super Soaker 100 ya Larami. Nasema wazi kwamba naipenda Larami kuliko zote, hasa vitu walivyotoa miaka ya tisini. SS 100 ina tangi la maji na chumba chake cha presha pembeni, kwa hiyo huhitaji kubana hewa ya tangi zima ndipo upige. Ndani yake hakuna siri. Fundi yeyote aliyewahi kufungua bomba la jikoni ataielewa. Oringi zake zikikauka unapaka grisi ya silikoni, zikikataa unapeleka ile kuukuu duka la vifaa unalinganisha saizi. Usipake mafuta ya mgando, yanaweza kuharibu mpira. Ikiwa na video nzuri, dola 50 nalipa bila manung'uniko. Bila video nalipa 15, na hiyo ni bei ya plastiki tupu.

Inafuata SS 50, ile ya njano na kijani ambayo kila Mmarekani wa umri wangu anaikumbuka. Humo tangi lenyewe ndilo linalobeba presha, basi likiwa na ufa hata wa unywele, huna bunduki. Ishike juani uzungushe tangi polepole ukiangalia shingo, pale linapoingia kwenye mwili. Ufa huanzia hapo.

Ya tatu, CPS 1000 au 1500. Zina puto kama dada yao mkubwa lakini hazijapandishwa bei na hadithi, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuibeba. Ukishaiona ikifanya kazi, chukua.

CPS 2000 naiweka ya nne, na najua kuna watakaonikasirikia. Ni bunduki ya ajabu, hilo silipingi. Ila inauzwa mamia ya dola, na sehemu kubwa ya bei hiyo ni ule uvumi kwamba ilipigwa marufuku baada ya kumtoa mtoto jicho. Uvumi huo haujawahi kuthibitishwa, lakini wauzaji wanauandika kwenye tangazo kana kwamba ni cheti. Pesa ya aina hiyo itoke tu pale ambapo puto limeonyeshwa likivimba na kujikamua, au muuzaji ana picha za puto jipya alilofunga. Wapo mafundi wa mapenzi yao wanaofunga mpira wa lateksi mahali pa puto la zamani, na kwangu mimi bunduki iliyofanyiwa hivyo ina thamani kuliko ile "halisi" isiyoshika maji. Wakusanyaji wa makabatini watabisha. Waache wabishe.

Colossus ya Water Warriors, kutoka Buzz Bee Toys, nayo inatumia puto na ina umri mdogo. Ni mbadala mzuri kwa asiyejali jina. Za dola mbili tatu za dukani ni za siku moja, nunua ukijua hivyo.

Lakini linaloniudhi hasa ni hili neno "haijajaribiwa". Ukiuza redio ya zamani unaweza kusema huna betri yake. Hapa kinachohitajika ni maji ya bomba! Kitu kilizaliwa bafuni kwa mtu, wewe una bafu, una mkono wa kupampu, unakosaje kukijaribu? Ninaamini wengi wamejaribu, wameona inavuja, wamefuta maji, kisha wakaandika neno hilo. Ukiona muuzaji ana matangazo ya bunduki tano na zote hazijajaribiwa, pita.

Halafu kuna usafirishaji. Boksi likiwa kubwa, UPS na FedEx wanatoza kwa ukubwa wake hata kama ndani ni jepesi, na bunduki ya maji ni kitu kikubwa kilichojaa hewa. Hilo naelewa. Nisiloelewa ni muuzaji anayeweka bei ndogo ili uvutike, kisha anapachika nauli inayoizidi bunduki, na ukirudisha mzigo huenda nauli hiyo usiione tena. Jumlisha vyote kabla hujabonyeza. Na usilinganishe na bei wanazoomba wenzake. eBay ina sehemu ya kuonyesha vilivyokwisha kuuzwa, hapo ndipo utaona watu wanalipa nini kweli. Mara nyingi ni nusu ya kinachoombwa.

Ukiweza, nunua karibu na nyumbani, kwenye gereji seli za Jumamosi, pale watu wanapouza vitu vyao vya zamani nyumbani kwao. Nenda na chupa ya maji ya lita moja na karatasi zako. Mwenye nyumba akikukatalia kujaza maji, mshukuru na uondoke.