Kitochi cha Aggrey, shilingi 28,000: nimeshanunua 11 na hata kimoja si changu

Vitochi 11, zile simu ndogo za vitufe, nimenunua tangu mwaka juzi, na hata kimoja sikipigii simu mwenyewe. Vyote vimeishia mifukoni mwa watu waliokuja kukaa kwenye benchi langu huku Temeke kwa sababu ya kubeti. Mimi ni mshauri nasaha. Nilianzia upande wa dawa za kulevya, na watu wa methadoni, ile dawa ya kuwaachisha heroini, nikadhani nimeona yote. Siku hizi anakuja kijana msafi, kanyoa vizuri, hanuki pombe, mikono haitetemeki, na nyumbani kwake hata mtungi wa gesi kauza.

Kwa hiyo haya si maoni ya mpenda simu. Kamera ipo, picha zake kama zimepigwa chini ya maji, na hapo nimemaliza habari ya kamera. Mimi kitochi nakipima kwa swali moja tu: kinamchelewesha mtu?

Navichukua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Cha kwanza nilikipata kwa 25,000, cha mwezi uliopita 28,000 baada ya kuvutana. Muuzaji ananisifia, "Mama, beba hiki, tochi yake inamulika mpaka Kigamboni." Nikamwambia nataka kisicho na intaneti kabisa. Akanitazama kama nimeomba gari lisilo na matairi. Chapa siitaji, kwa sababu ninayoyasema hapa yanavihusu vitochi vyote nilivyovishika.

Wengi wanaokuja kwangu sasa si watu wa mikeka, wale wanaobashiri matokeo ya mechi. Ni watu wa kindege, ile Aviator. Kwa asiyeijua: kindege kinapaa, namba inapanda kuanzia 1.00, na unatakiwa utoe hela yako kabla hakijapotea. Kinaweza kupotea pale pale kabla hakijapaa. Raundi inaisha kwa sekunde, nyingine inaanza hujameza mate. Mtengenezaji wake anatangaza mwenyewe kwamba kwa hesabu ya muda mrefu, katika kila 100 zinazowekwa, 97 zinarudi kwa wachezaji. Hesabu hiyo nawaandikia kwenye karatasi. Ukiweka 1,000 mara 100 umezungusha 100,000, na kwa wastani umeacha 3,000. Wanacheka: 3,000 tu, mama? Kisha namuuliza, jana umezungusha mara ngapi? Fundi aluminiamu mmoja alifungua historia ya akaunti yake tukahesabu pamoja. Tulipofika raundi 600 tukaacha, na kwenye hiyo historia hata saa nne ya usiku haijafika.

Mkeka wa Jumamosi unamsubirisha mtu dakika 90, anapata hata nafasi ya kula. Kindege hakimsubiri Simba wala Yanga.

Hapo ndipo kitochi kinapoonyesha thamani yake. Ile kiu ya kucheza inakuja kama wimbi, inapanda, na mtu asipoilisha, baada ya nusu saa hivi inaanza kushuka yenyewe. Kwenye simu ya tachi hakuna nusu saa. Mkono unaenda mfukoni kabla kichwa hakijaulizwa. Mwenye kitochi inabidi avae suruali, atoke, agonge mlango wa jirani saa saba ya usiku na kutunga uongo wa kuazima simu. Wengi wanalala kabla ya kuvaa hiyo suruali. Ninayemwambia haya kwa mara ya kwanza huniona namfanyia utani, mpaka siku anaporudi kunisimulia.

Faida ya pili sikuitegemea. Kwenye maswali tisa ninayompitisha mtu siku ya kwanza, lile dodoso la kupima tatizo la kamari linaloitwa PGSI, kuna moja linalouliza kama umewahi kukopa au kuuza kitu ili upate hela ya kucheza. Kila swali lina alama sifuri mpaka tatu, na ukifika 8 upo pabaya. Hilo la kuuza ndilo linalowainamisha vichwa, na kitu cha kwanza kuuzwa mara nyingi ni simu yenyewe. Tachi ya laki tatu inawekwa rehani kwa elfu hamsini usiku uleule. Kitochi hakiuziki. Mteja wangu mmoja wa bodaboda alijaribu, akaambiwa na mshika rehani, "Kaka, hiki hata mimi nitakupa kingine." Alinisimulia akiwa amekasirika kweli, mimi nikageukia dirishani.

Halafu kuna nyoka. Ule mchezo wa zamani wa nyoka anayekula na kurefuka umo kwenye vitochi karibu vyote nilivyonunua, na usiudharau. Mikono iliyozoea kubonyeza usiku kucha inataka kazi. Fundi aluminiamu aliniambia wiki mbili za kwanza alikuwa anacheza nyoka mpaka kidole gumba kinauma, na alipogongana na mkia wake alikuwa anatukana kama hela imeliwa. Lakini hakuna hela iliyoliwa.

Sasa madhaifu, na ni makubwa.

Kwanza, kitochi hakizibi kamari, kinapunguza mwendo tu. Kupiga namba za nyota na reli unaweza, huduma za pesa zimo zote, na kampuni za kubeti nazo zina menyu zao huko. Namba siandiki, wanaozihitaji wanazo kichwani kuliko namba ya NIDA. Mtu wa mikeka anachukua karatasi ya mechi kwenye kibanda cha kubeti, anaingiza namba za mechi moja moja, mkeka umetoka. Menyu inamkatikia katikati na kumrudisha mwanzo, hilo ni zuri, lakini mwenye nia anafika. Kwa watu wa mikeka kitochi nakipa nyota mbili, na kwa watu wa dubwi, ile mashine ya kamari, hakina msaada wowote, maana lile dubwi liko dukani kwa jirani na linataka sarafu.

Pili, ujumbe. Umemtoa mtu kwenye tachi, umemtuliza, Ijumaa jioni kitochi kinalia tii: bonasi yako ipo, rudi ucheze. Kwenye tachi zinafunikwa na vikundi vya WhatsApp, huku zinasimama peke yake kwenye kioo kidogo kama telegramu ya msiba. Dawa niliyoipata ni laini mpya ambayo haijawahi kuingia kwenye akaunti yoyote ya kubeti.

Na kabla ya laini mpya, tunapiga *106# pamoja, tunaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kwangu hii ndiyo sehemu yenye kazi kuliko simu yenyewe. Kuna mwalimu alikuwa ameapa kwamba ile laini ya mtandao mwingine aliitupa chooni. Tukapiga, ikaonekana ipo. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akavua kiatu. Laini ilikuwa chini ya soli. Sikumgombeza. Siku hiyo tulifanya kazi nzuri kuliko miezi miwili ya nyuma.

Kwa hiyo usinunue cha laini mbili. Najua kila kitochi siku hizi ni cha laini mbili na muuzaji atakuapia hakuna kingine. Nafasi moja ya ziada ni mlango mmoja wa ziada.

Tatu, redio. Hii sikuiwaza kabisa. Kitochi kina redio, mtu amenyang'anywa intaneti, atafanya nini kijiweni? Atasikiliza mpira. Na kila penye mpira pana tangazo la kubeti. Mama mmoja alinipigia saa mbili usiku: "Dada, umempa mwanangu simu au umempa kibanda?" Sikuwa na jibu. Siku hizi waya wa masikioni nabaki nao mimi, kwa vile vitochi ambavyo bila waya redio haishiki.

Kuna ambao siwapi kabisa. Dereva anayepata abiria kwa programu, ukimpa kitochi umemfukuza kazi, na mtu asiye na kipato ndiyo kwanza anatafuta kindege. Vijana wa miaka 22, 23 nao wana aibu yao. Mmoja alichekwa kijiweni, wakamwita babu, akanirudishia kitochi kikiwa bado na nailoni kwenye kioo. Mwingine alikuwa mjanja, akawaambia wenzake tachi ipo kwa fundi. Iko kwa fundi mwezi wa tano sasa. Wameanza kumwonea huruma, wanataka kumchangia.

Nani ashike tachi? Nilikosea mwanzoni, nilikuwa nawakabidhi wake zao. Ndani ya wiki mke amekuwa askari na nyumba imekuwa kituo. Sasa natafuta mjomba, au shangazi asiyeishi nao, mtu ambaye kumfuata ni nauli. Mama mmoja aliificha ya mwanawe kwenye pipa la mchele, jikoni kwake mwenyewe. Kijana hapiki, lakini alijua siku hiyo hiyo.

Ndugu wengine wananiuliza kwa nini natumia hela yangu kwa mtu mwenye tabia mbaya tu. Kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, kiliihamisha kamari kikaiweka sura moja na pombe na heroini. Kwangu mimi niliyetoka kwa watu wa methadoni haikuwa habari mpya. Ila methadoni ni dawa yenye dozi na foleni na daktari. Kitochi si dawa, ni kama kumfungia mtu jiwe mguuni ili asikimbilie mtoni, na maongezi ya kwenye benchi lazima yaendelee.

Betri: siku nne mpaka tano, ukimnyima redio. Kimeanguka kwenye zege la ngazi zangu mara tatu, mfuniko ukaenda huku, betri kule, tukakiunganisha kikawaka. Vitufe vya cha bei ya chini kabisa vilifutika namba ndani ya miezi sita, toa elfu tatu zaidi.

Kwa watu wa kindege nakipa nyota nne. Jumamosi nakwenda Aggrey kuchukua vitatu. Kama kuna mfanyabiashara anayesoma hapa na ana cha laini moja, kisicho na redio, chenye nyoka, aniandikie bei ya jumla.