Plota ya kukatia stika: ipi ianze, ipi uiache dukani

Kwenye boksi la plota huandikwa namba mbili kwa herufi kubwa: mkandamizo kwa gramu na kasi kwa milimita kwa sekunde. Namba hizo hazikusaidii sana kuchagua. Stika ya kawaida hukatika kwa gramu 80 hadi 120, na hata plota ya bei ya chini kabisa inajitangaza kufika 500. Kasi nayo ni hivyo hivyo. Herufi za sentimita mbili hakuna mashine inayozikata kwa kasi ya kwenye boksi, kwa sababu kichwa hakipati nafasi ya kuchanganya mwendo kabla ya kukutana na kona nyingine.

Kinachotenganisha plota ya kazi na plota ya kukupotezea rola ni kimoja: ikishavuta stika mita mbili mbele na kuirudisha nyuma, je, kisu kinatua palepale? Mpangilio wa hapa chini unafuata kipimo hicho kwanza, kisha upatikanaji wa spea, na bei mwishoni.

Upana

Stika nyingi za rola zinakuja kwa upana wa sentimita 61 au 122. Plota ya inchi 24 inaibeba ya 61 bila kupunguza chochote, na upana huo unatosha majina ya daladala na matatu, milango ya magari, namba za bodaboda, vibao vya ofisi na fulana. Mashine za Kichina zilizoandikwa 720 ziko kundi hilohilo: 720 ni upana wa stika inayoingia kwa milimita, si wa kukata, kukata ni sentimita 60 na kidogo. Ya 1350 inalipa kama kila wiki una basi zima, lori au vioo vya duka. Kazi kubwa hizo zikiwa mbili tu kwa mwezi, kata vipande viwili na uunganishe kwa kupandisha milimita 5.

Usikubali muuzaji akukatie rola ya 122 katikati kwa msumeno ili upate mbili za 61. Gundi huvuja kwenye ukingo uliokatwa, tabaka zinashikana, na kila mzunguko rola inajivuta kwa mshtuko. Mshtuko huo ndio unaohamisha stika chini ya magurudumu.

Jaribio la kalamu, kabla hujatoa hela

Karibu kila plota inapokea kalamu badala ya kisu. Nenda dukani na faili lako kwenye flashi: boksi la milimita 300 kwa 2000, lenye alama ya kujumlisha kwenye kila kona na moja katikati. Fungua stika mita mbili na nusu ining'inie legelege, maana mota ikilazimika kuvuta uzito wa rola nzima jaribio halina maana. Chora. Usiinue wenzo wa magurudumu. Tuma faili lilelile mara ya pili.

Sasa inamia alama iliyo mbali zaidi. Ukiona mstari mmoja tu, mashine ni nzuri. Mistari miwili iliyoachana nusu milimita inavumilika kwa herufi kubwa za ukutani, lakini haivumiliki kwa stika zilizochapwa. Milimita moja na kuendelea, rudisha kalamu kwenye boksi. Angalia pia mistari imeachana kwa upande gani. Ikiachana kushoto na kulia, stika inatembea kwa sababu magurudumu ya mpira hayabani sawasawa, au yamekaa nje ya magurudumu ya chuma yenye chenga. Ikiachana kwa urefu, stika inateleza au mota inapoteza hatua. Kosa la kwanza mara nyingi linarekebishika palepale. La pili si la kulibeba nyumbani.

Baada ya kalamu weka kisu. Kata mraba wa milimita 10, duara la milimita 10 na neno lenye herufi za milimita 5. Kona za mraba zikiwa za mviringo, ofseti, yaani umbali kati ya ncha ya kisu na kitovu cha mhimili wake, imewekwa ndogo mno. Kona zikiota vipembe, imewekwa kubwa. Visu vingi vya mtindo wa Roland, kampuni ya plota, vinataka milimita 0.25. Duara lisipofunga hata ofseti ikiwa sahihi, toa kisu ukizungushe kwa kidole: kikigoma, beringi ya kishikio imejaa gundi au imekufa.

1. Graphtec CE7000-60

Kwa duka lenye kazi kila siku, hasa lenye stika zilizochapwa zinazohitaji kukatwa kwa kufuata mchoro, hii ndiyo ya kwanza. Ni ya Kijapani, inakata upana wa milimita 603, mkandamizo unafika gramu 450 na kasi milimita 900 kwa sekunde. Lakini usiinunue kwa sababu ya namba hizo. Mota zake ni za sevo: mashine inajua ilipo, na ikisukumwa kidogo inajirudisha. Tena ina jicho linalosoma lenyewe alama za kona, yaani alama zinazochapwa pamoja na mchoro ili mashine ijue mchoro uko wapi, na kurekebisha mchoro kama karatasi imeingia upande.

Ina nafasi nane za kuhifadhi mipangilio, na hizo ndizo utakazozipenda baada ya mwezi mmoja. Ya kwanza weka stika ya kawaida, ya pili reflekta, ya tatu ya fulana, na kijana wa dukani hana tena haja ya kubahatisha.

Ubaya wake ni bei, ambayo ni mara kadhaa ya Mchina wa kawaida, na visu. Kisu chake cha kawaida, CB09U, kina kipenyo cha milimita 0.9, vile vya mtindo wa Roland vinavyouzwa kwa pakiti za vitano havivai kwenye kishikio chake. Kama mjini kwako hakuna anayeuza CB09U, agiza kumi pamoja na mashine.

2. Roland GS-24, na GX-24 ya mtumba

GS-24 inakata milimita 584, mkandamizo gramu 350, kasi 500. Kwenye karatasi imeachwa mbali na Graphtec. Kwenye meza ya kazi tofauti hiyo utaiona kwenye vifaa vinene tu. Inasoma alama za kona, ni tulivu, na visu vyake ndivyo vilivyoigwa kuliko vyote duniani, kwa hiyo hutakwama.

Kaka yake aliyemtangulia, GX-24, ana gramu 250 tu, lakini ni mtumba wa kuutafuta. Unapoikagua, anza na utepe mweupe unaopita chini ya kisu. Ukiwa na mfereji unaoonekana, kisu kinazama humo na stika haikatiki hata ukiongeza mkandamizo; utepe ni spea ya bei ndogo, ila utumie ubovu huo kushusha bei. Halafu gusa magurudumu ya mpira. Yakiwa na ubapa upande mmoja, mwenye mashine alikuwa akiyaacha yamebana usiku kucha, na hapo stika itaruka kidogo kila mzunguko.

3. Plota ya Kichina ya sevo yenye kamera

Skycut na Teneth ndiyo majina utakayoyakuta zaidi. Kwa mwenye bajeti ya kati hili ndilo kundi la kuangalia, na kwa stika ndogo zilizochapwa kwenye A3 zinafanya kazi vizuri kabisa. Ninaziweka ya tatu kwa sababu ya spea na programu. Bodi ikiungua, fundi wa jirani hana pa kuipata, na muuzaji wa leo huenda mwakani akawa anauza mashine za juisi. Nunua kwa mwenye stoo, si kwa mwenye picha za mtandaoni, na akuonyeshe kwa macho yako ikisoma alama na kukata karatasi nzima.

Jaribio la kukata kwa kufuata mchoro lina siri yake. Kosa likiwa sawa kwenye stika zote, tuseme zote zimekula milimita moja kushoto, hilo ni la kamera na linarekebishwa kwenye mipangilio. Kosa likianza dogo na kukua kadiri karatasi inavyosogea, mashine haishiki. Jicho liwe zuri namna gani, haliwezi kuponya hilo.

4. Plota ya Kichina ya stepa, ile ya 720

Ndiyo iliyo maduka mengi, na watu wanakula nayo. Mota ya stepa inahesabu hatua bila kuhakiki: stika ikinasa kwenye stendi, mota inapoteza hatua kumi na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa majina ya vyombo, namba na herufi za vibao visivyozidi mita moja, inatosha. Kwa stika zilizochapwa, nyingi zina taa ya leza tu ambayo unailenga wewe kwa vitufe hadi kwenye alama tatu. Kwa karatasi mbili ni sawa. Kwa karatasi hamsini, mkono utachoka kabla ya mteja.

Angalia sana inakuja na programu gani. ArtCut ya 2009, ambayo mashine nyingi bado zinapewa, inadai CD iwe ndani ya kompyuta na haielewani na Windows za sasa. Ukipewa SignMaster yenye leseni halali, umepewa kitu cha thamani. Inkscape ni ya bure na inatuma HPGL, lugha inayoeleweka na plota, moja kwa moja, ila ukubali kujifunza.

5. Cameo na Cricut

Silhouette Cameo ya kawaida inakata kama sentimita 30. Ni nzuri kwa anayefanya vikombe, mialiko na fulana nyumbani, lakini kwa kibao cha duka haitoshi. Cricut inategemea programu yake ya Design Space na huwezi kuituma moja kwa moja kutoka CorelDRAW. Kwa duka ambalo wateja wanaleta faili za CorelDRAW kuanzia asubuhi, jambo hilo peke yake linaitoa kwenye mchezo.

Nje ya orodha: kama kazi yako kubwa ni stensili nene za kupigia mchanga kwenye vioo na mawe ya makaburi, tafuta Summa ya Ubelgiji yenye kichwa cha tanjenti. Kisu chake kinanyanyuliwa na kugeuzwa na mota kwenye kila kona badala ya kuburutwa, hivyo kona nene haziraruki.

Mambo ambayo muuzaji hatakuambia

Ukipeleka kazi ichapwe kwa mwenye printa kubwa na kurudi kukata kwako, alama za kona lazima zitoke kwenye programu ya plota yako kabla ya kuchapa. Alama za programu nyingine jicho halitazisoma. Na ukilaminishia kwa laminesheni ya kung'aa, mwanga unarudi vibaya na jicho linapofuka. Laminesheni isiyong'aa inasomeka. La sivyo, bandika tepu ya kawaida isiyong'aa juu ya kila alama.

Stika ikiburutwa hewa ikiwa kavu inazaa umemetuli, na plota isiyo na waya wa ethi huganda katikati ya kazi au hutupa mstari wa ajabu unaokatiza herufi. Watu hulaumu kompyuta bure. Hakikisha soketi ina ethi kweli, tumia kebo ya USB isiyozidi mita tatu, na mashine ikae kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya mita nne hakuna kuendelea ulipoishia. Angalia pia kibandiko cha nyuma: mashine ya volti 110 ikichomekwa kwenye 230 huungua mara moja.

Ikiwa plota inasimama katikati kila mara kwenye kazi kubwa tu, na ndogo zinapita, shida ni kasi ya mawasiliano au udhibiti wa mtiririko kwenye bandari ya COM. Namba ya kasi hiyo kwenye kompyuta na kwenye plota zilingane; nyingi za Kichina zinaanza na 9600.

Visu vya mtindo wa Roland kwa kawaida vina kofia za rangi: njano ni nyuzi 30, nyekundu 45, bluu 60. Nyekundu ndiyo ya kila siku. Ya bluu iwekee reflekta na vifaa vinene, na usiichanganye na kazi nyingine, kwa sababu vishanga vya kioo vilivyo ndani ya reflekta vinakula ncha haraka na kisu hicho hakitakata tena herufi ndogo.

Ncha itokeze kwenye kishikio milimita 0.2 hadi 0.3 kwa stika ya kawaida, isizidi. Kisha anza gramu 80 na upande kumi kumi, ukikata mraba mdogo kila mara. Acha pale mraba unapong'oka wote na karatasi ya nyuma ikabaki na alama unayoiona lakini huisikii kwa ukucha. Ukiisikia, umezidisha: wakati wa kuchambua, yaani kung'oa stika isiyotakiwa, karatasi itararuka, na transfa, ile tepu ya kuhamishia herufi, itanyanyua vipande vya karatasi pamoja na herufi. Wengi wanaolalamika kuwa plota inakula stika wametokeza kisu milimita nzima.

Siku ya kulipa, pamoja na mashine chukua visu kumi, kishikio kimoja cha akiba na utepe wa kukatia wa akiba. Kwenye risiti iandikwe modeli kamili na namba ya mashine, si "plota 1".