Siku tatu Berlin na marafiki: uzoefu wangu, kuanzia kengele ya mlango hadi Maji-Maji-Allee

Sisi ni wanawake wanne tuliosoma sekondari pamoja na ambao maisha yametutawanya: mmoja anaishi Hamburg, mmoja Copenhagen, mmoja Leeds, nami niko Utrecht. Kila mwaka tunajitahidi kukutana kwa wikendi moja, na Septemba iliyopita tulichagua Berlin, kwa sababu mwenzetu wa Hamburg alishikilia kwamba jiji hilo kila ukirudi unalikuta limevaa nguo nyingine. Safari nzima naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ameondoka nayo mwenye nyumba.

Nianze na huyo huyo. Tulikodi nyumba ya vyumba viwili mtaani Wedding kwa njia ya mtandao, na picha zake hazikuwa za uongo: dari ndefu, sakafu ya mbao, madirisha makubwa. Ila mwenyeji wetu alitutumia jina la barabara na namba ya jengo tu, akaona yanatosha. Katika majengo mengi ya Berlin milango haina namba za nyumba. Kengele zimepangwa kwa majina ya ukoo ya wakazi, na usipolijua jina utabaki nje kama mdai aliyekuja kabla ya mshahara. Tulisimama kwenye manyunyu kwa dakika arobaini, tukipiga simu isiyopokelewa, mpaka kijana mmoja aliyekuwa akitoka na baiskeli akatufungulia. Ndipo tulipogundua kwamba tunakwenda orofa ya nne na kwamba lifti hakuna, jambo ambalo tangazo halikuligusa. Ukikodi nyumba huko, uliza mapema jina lililoandikwa kwenye kengele.

Usafiri wa ndani nausifu bila kinyongo, kwani hatukusubiri treni zaidi ya dakika chache. Lakini tiketi ya karatasi lazima igongwe mhuri kwenye kimashine kilichopo kituoni kabla hujapanda, la sivyo unahesabiwa kuwa huna tiketi na faini yake ni euro 60. Mwenzetu wa Leeds alilipa. Kosa lilikuwa letu, nami ndiye niliyemwambia kwamba mhuri si lazima, kwa hiyo chakula chake cha jioni kilikuwa juu yangu.

Jumamosi asubuhi tulipitia Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia kati ya Berlin Mashariki na Berlin Magharibi, kwa kuwa kila orodha ya watalii inakutajia. Kibanda cha walinzi ni cha kuigiza, foleni ni ya kupiga picha, na pembeni ni biashara tupu. Dakika kumi zilituzidi.

Siku yenyewe ilikuwa Bernauer Straße. Ukuta wa Berlin ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961 na mpaka ukafunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, na katika barabara hii mpaka ulipita kwenye kuta za mbele za nyumba zenyewe: ukiwa sebuleni uko Mashariki, ukikanyaga njia ya miguu iliyo chini ya dirisha lako uko Magharibi. Ndiyo maana siku zile za mwanzo watu waliruka kutoka madirishani, kabla hayajazibwa kwa matofali. Leo, pale ambapo ukuta umeondolewa, zimesimikwa nondo ndefu zilizoshika kutu, zikifuata mstari ule ule, na zimeachana kiasi kwamba unapita katikati yake bila hata kugeuza bega. Tulipita, tukarudi, tukapita tena, kama watoto. Kiingilio hakuna.

Kwenye ukanda huo wa mpaka palikuwa na kanisa, ambalo serikali ya Mashariki ililipua mwaka 1985. Mahali pake pana kikanisa kidogo chenye umbo la yai, kilichojengwa kwa udongo wa kushindilia, na ndani ya udongo huo wamechanganya vifusi vya kanisa la zamani. Nilisogeza uso karibu na ukuta: kokoto, vipande vya tofali jekundu, udongo uliolala tabaka juu ya tabaka. Bibi yangu angeutambua ukuta ule mara moja, ingawa angeuliza kwa nini haujapakwa chokaa.

Jioni tulikwenda Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 2010 kama bustani. Mwaka 2014 wakazi walipiga kura kuzuia usijengwe majumba. Njia ya ndege sasa ni ya baiskeli na tiara, na pembeni familia zinachoma nyama katika sehemu zilizoruhusiwa. Kwa wasiokula nguruwe, soseji ile maarufu ya mchuzi wa bizari iulizieni kwanza. Sisi tulinunua mikate ya nyama ya Kituruki na hatukujuta.

Jumapili maduka hufungwa. Tulikuwa tumesahau, na mkate tuliupata kwenye stesheni kuu tu, baada ya kupanga foleni na watu waliosahau kama sisi.

Kisha tukaenda Makumbusho ya Viumbe Asilia, yaani Museum für Naturkunde, kumwona mjusi wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyotoka mkoani Lindi, Tanzania. Mwenzetu wa Copenhagen amekulia Lindi. Habari za mjusi alizisikia tangu chekechea, lakini hakuwahi kuona hata mfupa mmoja. Yuko ukumbini, urefu wa mita 13.27 kwenda juu, na mifupa hiyo ilichimbwa kati ya mwaka 1909 na 1913, mara tu baada ya Vita vya Maji Maji, chini ya wasimamizi kama Boheti bin Amrani, kisha ikabebwa kwa miguu na wapagazi hadi bandarini Lindi. Rafiki yangu alisimama chini ya mbavu, akatazama juu mpaka kilemba kikateleza, akasema, "Kumbe ndiye wewe." Tukapiga picha ya pamoja, kisha hatukujua kama tucheke.

Kwa gharama, nilitumia takriban euro 310, nauli ya treni ikiwamo.

Jioni ya mwisho tulitembea mtaa wetu wa Wedding, ambako barabara zinaitwa Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, majina yaliyobaki tangu ndoto za ukoloni. Iliyokuwa Petersallee, iliyopewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, tangu Agosti 2024 imegawanywa majina mawili: Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mpigania uhuru wa Namibia, na Maji-Maji-Allee. Tulikuwa tumesimama chini ya kibao cha pili pale mama mmoja mwenye mbwa alipotuuliza kama tumepotea. Mwenzetu wa Hamburg akamwambia hapana, tunasoma kibao tu. "Mayi-Mayi," akasema mama yule, kama Wajerumani wanavyoisoma herufi J. Tukamsahihisha kwa adabu. Akarudia mara mbili, ya pili akapatia, akavutwa na mbwa wake kuelekea miti.