Villa de Leyva au Barichara?
Ukiwa Colombia na una nafasi ya mji mmoja tu wa enzi za Wahispania, Villa de Leyva ni rahisi kufika kutoka Bogotá. Ilianzishwa 1572. Uwanja wake mkuu, takriban mita za mraba 14,000, umetandikwa mawe yanayotesa vifundo vya miguu. Viatu virefu acha hotelini. Mpigania uhuru Antonio Nariño alifia mjini humo 1823. Wikendi hufurika watu wa jijini.

Barichara ni changa zaidi, ya karne ya 18, na iko mbali. Mimi ningeenda huko. Kuta ni za udongo ulioshindiliwa na kupakwa chokaa, mawe ya barabarani yana umanjano, na wachonga mawe bado wako kazini. Njia ya kale inateremka hadi kijiji cha Guane. Vitafunio ni sisimizi wakubwa wa kukaanga. Mla kumbikumbi hatashangaa.