Uzoefu wangu: gari-nyumba la kukodi lililotunyima kahawa Grand Canyon

Sina mazoea ya kuandika malalamiko, lakini jibu nililopewa na mhudumu wa kampuni iliyotukodisha gari-nyumba, yaani lile gari lenye vitanda, jiko na choo ambalo huku Marekani huitwa RV, limenikaa rohoni mpaka leo.

Tulikuwa wanne, sote tumekulia mtaa mmoja Tanga na sasa kila mtu anaishi jimbo lake. Mmoja wetu alikuwa amefiwa na mkewe, na tangu msiba ule hakuna aliyemsikia akiuzungumzia. Kwenye simu alisema hajambo, kisha akaaga. Ndiyo maana tulikubaliana kukutana. Mwaka mmoja, baridi ilipokuwa inaanza, tulichukua gari Phoenix, tukapanda nalo hadi ukingo wa kusini wa Grand Canyon, lile korongo kubwa la jimbo la Arizona, tukaegesha katika kambi ya Mather. Yeye alibeba dele la shaba la marehemu, vikombe vidogo visivyo na mkono, tende, na kahawa ya Moshi aliyoikaanga na kuitwanga mwenyewe pamoja na iliki.

Jioni ya kwanza nilikuwa tayari kulisifu gari lile kwa kila ninayemfahamu. Jiko la gesi liliwaka mara moja. Tulikaa nje chini ya misonobari, kulungu wakubwa wa huko wakipita karibu nasi bila hofu. Mahali pale pana mwinuko wa mita 2,100 hivi, na maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 tu badala ya 100, kwa hiyo tuliiacha kahawa motoni muda mrefu kuliko kawaida, ikatoka nzito na chungu kama ile ya barazani kwetu. Kwenye kikombe cha tatu mwenzetu alianza kutusimulia siku za mwisho za mkewe. Alifika nusu, sauti ikamkatika, akasema, "Nitawamalizia kesho alfajiri, kahawa ikiwa tayari."

Alfajiri hiyo kahawa haikupatikana. Usiku feni ya kipasha joto ilimaliza betri ya sehemu ya nyumba, ambayo si ile ya injini, na katika gari lile, betri ikifa, vali ya umeme inayopitisha gesi hujifunga yenyewe. Tuliamka hatuna joto, hatuna maji kwa sababu pampu nayo hutegemea betri hiyo hiyo, na jiko halitoi hata harufu ya gesi. Kambi ya Mather haina umeme wa kuchomeka gari, na jenereta yetu, ambayo huwashwa kwa betri ile ile, ilikataa. Mkaa hatukubeba, na kuokota kuni ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Mwenzetu alikuwa amekaa na dele mapajani, ameshalitia maji.

Nilitembea hadi nilipopata mtandao, nikapiga simu. Nilieleza kwa utaratibu na kwa heshima. Mhudumu aliniuliza kama kwetu tumezoea kutumia vyombo vya umeme, na kabla sijajibu akaongeza kwamba watu wasioyajua magari haya wangefaa kwenda hotelini. Nilimwomba anieleze tu namna ya kufungua gesi. Akakata simu. Nimefanya kazi katika nchi hii kwa miaka mingi, nimejibiwa vibaya mara nyingi, lakini sikuwahi kutukanwa nikiwa nimelipia huduma nzima kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Aliyetuokoa ni mzee aliyeegesha jirani, ambaye hatukumjua. Alileta jiko lake dogo la gesi, akaliweka juu ya meza yetu ili dele lipate moto kwanza, ndipo akaenda kufungua sanduku la betri. Maji ya betri yalikuwa yamekauka hadi vibati vya ndani vinaonekana, jambo lisilotokea kwa usiku mmoja. Betri hizo hazikuwa zimekaguliwa kwa muda mrefu. Alitufundisha kuwasha injini na kubonyeza kitufe kinachoiunganisha betri ya injini na zile za nyumba, jenereta ikawaka, gesi ikarudi. Maarifa hayo mhudumu angeweza kunipa kwa dakika moja.

Kampuni hii ningeipa nyota moja, na hata hiyo ni kwa sababu ya ile jioni ya kwanza. Hata hivyo, ni lazima niseme kweli: asubuhi ile mwenzetu alimmiminia mzee yule kikombe cha kwanza, na alipoulizwa dele limetoka wapi, alianza kujibu kwa Kiingereza, akaendelea kwa Kiswahili akitutazama sisi, mpaka akaimaliza habari yote. Mzee hakuelewa maneno, lakini hakuondoka. Nikiikumbuka saa ile, natamani kuongeza nyota. Nikikumbuka kwamba baadaye walitukata amana kwa madai kuwa sisi ndio tulioharibu betri, hata ile moja naona ni nyingi.

Wenzangu wanataka turudi, na nimekubali, kwa kuwa hakuna hoteli itakayotupa meza ile chini ya misonobari. Gari tutakodi kwa wengine, sanduku la betri nitalifungua kabla ya kutia saini, na jiko la mkaa tutalibeba.